Aliyechafua Nguo za Sherifu: Maisha ya Thelda Esplin Brinkerhoff, 1934–2022

Ndugu, jamaa, majirani wa Hackberry Wash, na ninyi mliotoka mbali,

Dada yetu mpendwa Thelda Esplin Brinkerhoff, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2022, aliishi miaka themanini na minane, miezi sita na siku ishirini na saba. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Norva Judd, naye ndiye anayeusoma. Kwa adabu ya shughuli hii mwandishi atajiita "mdogo wake" wala hatajitia mbele. Lakini msikilize vizuri. Kuna neno ambalo mji huu umelisema juu ya marehemu kwa miaka minane, kwamba uzee ulimvuruga akili hata akazifua zile nguo za makumbusho. Si kweli. Hatazikwa na jina hilo, nami nitalinyoosha hapahapa zamu yake ikifika. Kaka Dallin, wewe ni mwenyekiti wa kamati ya makumbusho, kaa tu hapo mbele na usiangalie saa.

Marehemu alizaliwa asubuhi ya Jumatano tarehe 14 Machi 1934, hapa Hackberry Wash, Kaunti ya Kane, Utah, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Baba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Alma na Zina Esplin. Mkunga alidai mtoto alitoka amekunja ngumi mbili zilizojaa mchanga mwekundu. Mkunga yule alikuwa mwongo, lakini mchanga wenyewe mnaujua. Unaingia kwenye unga, unaingia kwenye vitabu vya nyimbo, unaingia kwenye meno. Mama yetu alipambana nao kila Jumatatu kwa sabuni na maji ya kuchemka, na siku zile mwanamke wa mji huu alipimwa kwa kamba yake ya nguo. Shuka za Zina Esplin ziliumiza macho. Binti zake wawili walikulia chini ya kamba hiyo. Mmoja aliipenda, mwingine aliikimbia.

Alianza masomo Septemba 1940 katika shule yetu ya mawe, akamaliza sekondari kule Kanab mwezi Mei 1952. Hesabu alizimudu. Kuimba hakujaliwa, hata Kaka Leland, aliyeongoza kwaya kabla hajawa askofu, alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo bila kutoa sauti. Somo lake lilikuwa kushona. Novemba 1951 shule iliigiza safari ya mababu waliovuka nchi kwa miguu wakisukuma mikokoteni. Mama alizifua nguo zote za waigizaji zikawa kama theluji. Siku moja kabla ya onyesho, Thelda alizifunga zote kwenye kamba, akazikokota nyuma ya farasi wa Baba hadi mtoni na kurudi. Mama alimkimbiza kwa fimbo ya kufulia kuzunguka nyumba mara tatu.

"Watu wametembea maili elfu moja, Mama!" Thelda alipiga kelele huku akikimbia. "Kola safi wameitoa wapi?"

Onyesho lilifana. Wazee walilia, na Mama hakusema naye kwa siku nne.

Juni 1957 ilikuja kampuni kutoka California kupiga tamthilia ya runinga iliyoitwa Sherifu wa Mto Mkavu. Walikaa nasi kila kiangazi kwa miaka kumi. Nusu ya mji iliajiriwa. Mwuza nyama alikuwa mwizi wa benki, mwalimu wa hesabu alinyongwa mara mbili, na wanawake wetu wengi walionekana wakikimbia kuvuka barabara na kikapu. Thelda aliingia idara ya mavazi chini ya Bwana Sid Lapidus, mtu mfupi mwenye miwani ambaye aliogopa farasi, mbuzi na upepo. Bwana Lapidus ndiye aliyemfundisha kazi iliyompa jina, yaani kuchukua nguo mpya ya dukani na kuizeesha. Kiwiko hupigwa msasa. Mifukoni hutiwa mawe, nguo ikalowanishwa na kuning'inizwa, ili ilegee kama imevaliwa miaka kumi. Tundu la risasi huchomwa kwa msumari wa moto. Damu ni sharubati ya mahindi na rangi ya keki. Kila vazi la sherifu lilikuwa matatu, moja la kupigwa picha karibu, moja la kuangukia, moja la maji, na marehemu alishona ndani ya kila moja kipande cha kitambaa chenye jina la mvaaji kwa mwandiko wake mwenyewe.

Rangi ya jasho na vumbi ilitoka kwenye kahawa. Sasa, kanisa letu halinywi kahawa, na dukani kopo moja lilikuwa likikaa mpaka linapata kutu. Thelda akaanza kununua makopo sita kwa wiki. Watu wakanong'ona, na yule Kaka Leland, ambaye sasa alikuwa Askofu Leland, akaja Ijumaa moja kumtembelea. Alisimama mlangoni kofia mkononi, harufu ikamvaa.

"Dada Thelda," alisema, "sikuja kukuhukumu."

"Karibu, Askofu. Umekuja wakati mzuri, imeshaiva."

"Imeiva?"

"Njoo uitazame rangi."

Akampeleka jikoni, akafunua sufuria kubwa, akatumbukiza mwiko akainua suruali inayochuruzika.

"Ya nani hii?" aliuliza Askofu.

"Yako. Jumatatu unaiba ng'ombe."

Askofu Leland alisimulia kisa hicho mwenyewe mimbarani, na tangu siku ile duka letu liliagiza kahawa kwa gunia.

Ndoa yake ilianzia kwenye maiti. Garth Brinkerhoff alikodisha farasi zake kwa kampuni, na kwa kuwa alijua kuanguka bila kuvunjika, walimuua mara thelathini na moja. Agosti 1958 alikuwa amelala chali mbele ya benki, ameshapigwa risasi, na Thelda amepiga magoti kumwongezea damu kifuani wakati kamera ikisogezwa.

"Thelda," maiti akanong'ona bila kutikisa midomo, "utaolewa nami?"

"Nyamaza. Umekufa."

"Nijibu kwanza."

"Kufa vizuri, tutazungumza."

"Maiti anaongea!" mwongozaji alipiga kelele. "Nani kamruhusu maiti aongee?"

Ilibidi warudie tukio zima, na safari hiyo Garth alikufa huku anatabasamu, akafukuzwa kazi kwa siku mbili. Walifunga ndoa Ijumaa tarehe 12 Juni 1959 katika hekalu la St. George, na Mungu akawajalia Royce, Annette na Merrill. Waliishi pamoja miaka hamsini kasoro miezi miwili, mpaka Garth alipofariki Aprili 2009, safari hii kweli. Marehemu alisema Garth alikuwa amemzoeza kifo chake mapema mno, na bado mazoea hayo hayakumsaidia kitu.

Tamthilia ilikoma Septemba 1966. Kampuni ilipakia kamera, na vilivyobaki vikaamriwa vichomwe kwenye mto mkavu. Thelda alifika na tela ya farasi akauliza kama anaweza kuvichukua. Msimamizi akamwandikia karatasi ya ruhusa na kumshukuru kwa kumpunguzia moshi. Hivyo ndivyo kofia ya sherifu ilivyofika ghalani kwake, pamoja na nyota ya bati, kizibao cheusi, mikanda tisa ya bastola, bastola za mpira za kuangukia, kofia arobaini na moja za majambazi na raia wema, na mashati yaliyokuwa na jumla ya matundu sitini na matatu ya risasi. Kila majira ya kuchipua alivitoa vikapata hewa. Hakuvifua. Walikuja matajiri kutoka majimbo ya mbali, huyu anataka kofia, yule anataka nyota. Aliwapa maji baridi ya limau na kuwasindikiza getini.

"Ukinunua kofia peke yake," alimwambia mmoja wao, "nani atakwambia jambazi aliyekuwa mbele yake alikuwa mwuza nyama wetu?"

Alitaka vikae pamoja, na vikae hapa, watoto wa mji huu waje waone mashati ya babu zao. Hilo tu.

Mwaka 2014 shule ya mawe ilikuwa ibomolewe. Ikaamuliwa ingeachwa iwe makumbusho iwapo mtaalamu angethibitisha kwamba vitu vya Thelda ndivyo vyenyewe vilivyoonekana kwenye runinga. Mtaalamu akapatikana, Bi. Corinne Vasek kutoka Los Angeles, na siku yake ikawekwa Alhamisi tarehe 18 Septemba. Ijumaa iliyotangulia, marehemu aliendesha gari lake kwenda Mesquite kumsalimia Annette, akamwachia mdogo wake ufunguo wa shamba ili amwagilie maua.

Hapa naomba radhi. Nimejaribu, lakini siwezi kuendelea na huyu "mdogo wake". Ni mimi. Mimi Norva, niliyesimama mbele yenu na miwani imejaa ukungu.

Mume wangu Vaughn alikuwa amezikwa Julai ile. Mnakumbuka nilivyokuwa. Mlileta chakula mkakuta cha jana hakijaguswa. Mimi, ambaye sikuwa nimekosa Jumatatu hata moja tangu niolewe, shuka zilikaa kitandani wiki tisa. Basi Jumatatu ile nikaingia ghalani kwa Thelda kutafuta mpira wa maji, nikakuta masanduku yamefunguliwa tayari kwa mgeni. Ndani yake, jamani! Mashati yenye damu. Suruali ngumu kama ubao. Kofia yenye jasho la tangu enzi za ujana wetu. Nikasema, loo, mgeni atoke California aje akute ukoo wa Zina Esplin una uchafu huu? Na kwa mara ya kwanza tangu tumfukie Vaughn, mikono yangu ikataka kazi.

Najua mnachouliza. Hukujua, Norva? Nilijua. Nilijua alilipwa kuzichafua. Lakini kwangu mimi kazi hiyo iliisha 1966, na uchafu ni uchafu hata kama ulilipiwa mshahara.

Nilifua kwa maji ya moto. Nilitia wanga. Nilipiga pasi. Matundu sitini na matatu niliyashona yote, na niliyashona vizuri, msinidharau. Kofia ya sherifu niliisugua kwa unga wa mahindi na mvuke mpaka ikawa rangi ya maziwa. Nyota ya bati niliing'arisha nikajiona pua. Nilikula mchana na nikala jioni, na nililala usingizi. Shamba la Thelda liko mwisho wa bonde, hakuna jirani aliyeniona, na Jumanne mchana nilikuwa naanua kamba ya tatu gari lake lilipoingia.

Aliteremka akaacha mlango wa gari wazi. Akatembea polepole kando ya kamba ya kwanza, akalishika shati moja kifuani.

"Norva."

"Umeona weupe huo?" nikamwambia.

"Hili ni la Garth. Alipigwa risasi hapa."

"Nimepashona. Huwezi hata kujua palikuwa wapi."

"Na hili la Askofu Leland?"

"Nalo pia. Yalikuwa mawili."

"Na la mwalimu?"

"Yote, Thelda! Yote sitini na matatu!"

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mungu wangu," akasema. "Umefufua mji mzima."

Ndipo nilipoelewa. Nikashika kamba. Maji yakimwagika hayazoleki, nami yangu niliyamwaga yakiwa na sabuni. Thelda alilivuta shati la Garth akalinusa, akakuta harufu ya sabuni, akalia. Nililia na mimi. Tulilia kama watoto waliovunja chungu cha mama.

Kisha nikapata wazo, na nalisema mbele ya Askofu wa sasa nikiwa na haya. "Dada, mgeni anakuja keshokutwa. Mchanga upo. Kahawa ipo dukani. Mikono ni yako ileile. Tuzichafue upya!"

"Ng'o."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nilidanganya watu kwa mshahara miaka kumi, na wote walijua wanadanganywa. Huyu mama anakuja kuniuliza kweli."

"Basi shule itabomolewa kwa ajili yangu."

Aliinuka kwenye ndoo. Nikadhani sasa ananipiga kwa ile ndoo.

"Umekula leo?" akaniuliza.

"Nini?"

"Chakula, Norva. Umekula?"

"Nimekula viazi na mayai."

"Na jana?"

"Jana nimekula mara mbili."

Akaanza kucheka. Nilidhani kichwa kimemruka. Alicheka mpaka akashika mbavu, ndipo akanieleza jambo alilonificha tangu 1957. Siku yake ya kwanza kazini alipewa mashati arobaini ya majambazi, akaambiwa ayaandae. Akayafua, akayatia wanga, akayapiga pasi na mikunjo mikononi, binti wa Zina kabisa. Bwana Lapidus alipoyaona alikaa chini kwenye kreti. "Bibi," alimwambia, "majambazi wangu wanakwenda kuiba au wanakwenda kubatizwa?"

"Hakunifukuza," Thelda akasema, akijifuta macho kwa mkono wa shati la mwalimu. "Haya, tusaidiane tuanue."

Alhamisi Bi. Vasek alifika, na pamoja naye Kaka Dallin Roundy wa kamati, na Royce aliyeendesha kutoka Cedar City aone fahari ya mama yake. Thelda alikuwa amezipanga nguo zote mezani. Hakungoja kuulizwa.

"Zilikuwa chafu," akasema. "Wiki hii zimefuliwa na matundu yameshonwa. Naomba radhi, umetoka mbali."

Bi. Vasek aliinua shati moja. "Nani amezifua?"

Nikafungua kinywa. Kisigino cha Thelda kikatua juu ya kidole changu cha mguu, na alikuwa amevaa buti.

"Zimefuliwa nyumbani kwangu," akasema, "na mwenye nyumba ni mimi."

Hilo ndilo alilosema, neno kwa neno. Hakusema "nimefua mimi". Lakini Royce alikwishashika kichwa, "Mama! Mama jamani!" na Kaka Dallin alikwishamtazama kwa ile huruma ya kumtazamia ng'ombe mzee. Hakuna aliyenigeukia mimi. Nani angenigeukia? Mjane wa miezi miwili, amekonda kama ufagio.

Bi. Vasek alivaa miwani yake ya kukuzia, akakaa na shati la kwanza. Alifumua mshono wangu mmoja kwa wembe mdogo, nikauona ukifumuka, nikaumia. Chini yake kingo za tundu zilikuwa bado nyeusi kwa msumari wa moto. Aligeuza kola, akapasua pindo kidogo, mchanga mwekundu ukamwagika mezani, maana huo hata Mama hakuwahi kuumaliza. Alikuta vipande vya majina kwa mwandiko wa Thelda. Alipima matundu kwa picha za runinga alizokuja nazo, na kabla hajafungua picha Thelda alikuwa anamwambia nani alikufa humo, mwaka gani, na aliangukia upande upi. Rangi ya kahawa haikuwa imetoka. Mimi niliisugua sana na haikutoka. Ilipofika saa kumi alasiri Bi. Vasek aliweka kalamu chini.

"Kila siku naonyeshwa nguo chafu na kuapiwa ni za zamani," akasema. "Leo ni mara ya kwanza mtu ananionyesha safi na kuniomba radhi." Akatia sahihi.

Shule haikubomolewa. Makumbusho yalifunguliwa Jumamosi tarehe 23 Mei 2015, na watoto wakaja kweli wakaona mashati ya babu zao. Ila ukutani kamati iliweka kibao: "Nguo hizi zilifuliwa kimakosa na Bi. Thelda Brinkerhoff akiwa na umri wa miaka themanini." Ufunguo wa kabati la kioo hakupewa. "Asije akazifua tena," Kaka Dallin alisema, wala hakusema kwa ubaya. Aliwekewa kiti nje ya kioo, akatazama watu wengine wakivishika vitu vyake kwa glavu. Na Royce, kwa mapenzi tu mwanangu, najua, alichukua ufunguo wa gari. Aliyesahau kwamba nguo hizo hazifuliwi, alisema, kesho atasahau breki. Miaka minane nilikuwa ninamwendesha mimi. Kila niliposhika usukani nilijua kwa nini nimeushika.

Msidhani sikutaka kusema. Mwaka wa kwanza nilimwambia, leo nakwenda kwa Dallin. Akanijibu, "Mtu aliyefiwa Julai hawezi kubeba hili Septemba. Tulia kwanza." Mwaka wa pili nikamwambia sasa nimetulia. Akasema, "Unajua nimeletewa pai ngapi mwaka huu kwa kuwa mwehu? Usiniharibie." Mwaka wa tatu akaniuliza nani mjini hapa angenipa nguo zake nifue, akijua nilichofanya. Alilijua jina langu lilivyo kwenu, Norva wa shuka nyeupe, akaamua la kwake ndilo liende. Na mimi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu lilinifaa, hiyo ndiyo kweli. Naye alikaa kwenye kiti kile akiwapokea wageni kwa furaha iliyonikera. "Karibuni," aliwaambia. "Mimi ndiye bibi kichaa. Ulizeni chochote." Wakamuuliza, akawasimulia vifo vyote bila kukosea tarehe hata moja, na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza kichaa gani huyo.

Moyo wake ulianza kudhoofika Januari 2022. Alitibiwa vizuri, na kuanzia Agosti alibaki nyumbani, Annette na mimi tukipokezana. Jumatatu moja ya Septemba aliniita kitandani.

"Gauni langu jeupe la hekaluni liko kwenye sanduku," akasema. "Limeingia manjano. Ulifue."

"Mimi?"

"Kwani mji huu una dobi mwingine?"

"Thelda, ukienda nitawaambia."

"Waambie." Alifumba macho akatabasamu. "Ila usimwonyeshe Royce programu ya mazishi yenye wasifu wangu kabla haijachapishwa. Na unisubiri niwe nimelala, maana nikiuona uso wa Dallin nitacheka."

Nililifua kwa mkono, nikalianika juani siku mbili, nikalipiga pasi. Alinitaka nimletee alione. Alilishika kola, akaligeuza, akakagua mishono kama mtu wa kazi.

"Limetakata," akasema. Ndilo alilovaa leo.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, dirisha wazi, Annette amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Hakuteseka.

Ameacha watoto watatu, Royce, Annette na Merrill, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu tisa, na mdogo wake mmoja, Norva Judd, aliyefua.

Tukitoka makaburini, kabla hatujaenda ukumbini kula viazi vya msibani na jeli ya kijani, nawaomba wote tupitie shule ya mawe. Kile kibao nilikitoa jana mchana kwa bisibisi yangu. Kaka Dallin, utakikuta kwenye boksi lako la barua. Nimepigilia kipya, nacho kinasomeka hivi: "Zilifuliwa na Norva Judd. Dada yake alijua, na hakumtaja."

Mungu amlaze Thelda wetu pema, na usingizi wake uwe mtamu. Amina.